Sindano Ilifanya Kazi, Nikasema Haikufanya

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika kliniki ya maumivu. Mgongo ndio umenileta, mimi nimeufuata tu.

Mimi ni fundi rangi. Nyumba nilizopaka, ukizipanga pamoja unapata mtaa mzima na duka la kona. Lakini mwaka huu nikinyoosha mikono juu, kiuno kinashikwa kana kwamba kuna mtu amekibana kwa koleo. Ngazi naitazama kwa mbali kama mchumba aliyeolewa na mwingine. Siku hizi napaka kuanzia kifuani kwenda chini. Wateja hawapendi. Wanasema nyumba imevaa suruali bila shati.

Chumba cha kungojea kimepakwa kijani. Rangi ya mafuta, bila praima chini yake! Mistari ya brashi inaonekana tangu mlangoni. Nilikaa nimekasirika mpaka nikasahau kuumwa. Ndipo nikamwona.

Benchi la dirishani. Mwanamke wa umri wangu, au chini kidogo, kitambaa cha zambarau kichwani, shingo kaiinamisha upande kama anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili. Si umbea. Ni kisogo kinamuuma. Alikuwa akimweleza bibi aliyekaa karibu naye, nami nikatega sikio. Ni msusi. Miaka yote ya kuinamia vichwa vya watu imemwachia kitu kama umeme, unapanda kutoka shingoni mpaka nyuma ya jicho. Kisha nesi akapita. Msusi akamtazama nywele, akasema taratibu kwamba aliyemsuka hakunyoosha njia. Alisema kwa uchungu hasa. Kama mimi na ule ukuta!

Moyo ulinipiga teke. Tangu mke wangu afariki haujawahi kurusha mguu.

Kwa bahati mbaya kuna mwanamume. Dereva wa malori, amestaafu, kifua kipana, goti limefungwa bandeji. Nimempa jina Goti. Kamletea Msusi mto wa kuegemea, kammiminia chai kutoka kwenye chupa. Msusi akasema ahsante, kaka. Nilifurahi sana. Kaka! Mwanamume akishaitwa kaka, basi, gari lake limezimika hapo hapo.

Daktari ni mama mfupi, sauti ya upole, mikono baridi. Amesema maumivu yangu huenda yanatoka kwenye viungo vidogo vya uti wa mgongo, na kuna mishipa midogo ya fahamu inayozipeleka habari hizo kwenye ubongo. Atanichoma sindano ya majaribio, atie ganzi kwenye mishipa hiyo. Ganzi itakaa saa chache tu. Maumivu yakizimika, tutajua mkosaji ni nani, na baadaye ataichoma mishipa yenyewe kwa joto, nipumzike muda mrefu. Nikauliza nitakuja mara ngapi. Alidhani naogopa. Akanipiga begani, akasema si mara nyingi.

Si mara nyingi. Niliumia.

Nikitoka nimekuta kitambaa cha Msusi kimeanguka. Nikainama kukiokota, jasho likinitoka, nyota zikinizunguka. Nikampa.

Akasema ahsante, kaka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechomwa!

Unalala kifudifudi, mto chini ya tumbo, gauni la hospitali limefunguka nyuma, huna heshima tena. Mashine ya eksirei juu yako kama kreni ya bandarini. Daktari anasema utahisi kama mdudu kidogo. Mdudu alikuja na ukoo wake wote. Kisha uvuguvugu. Kisha akaniambia nisimame.

Nikasimama. Nikaendelea kusimama. Nilikuwa nimesahau nilivyo mrefu.

Akaniambia nifanye lile linaloniuma zaidi. Nikainua mikono juu taratibu, meno nimeyakaza. Hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa! Ni kama jenereta ya jirani ilipozimwa, ndipo ukagundua kwamba siku zote ulikuwa unapiga kelele ili usikike.

Nikatoka nimenyooka kwenda kumwonyesha Msusi urefu wangu. Na hapo ndipo nikamsikia nesi akimfariji yule bibi. Anasema wale ambao sindano hii inawasaidia wana bahati, wanakuja kuchomwa ile ya joto, halafu kwaheri, wengine hawaonekani mwaka mzima, hata miwili. Mwaka mzima! Na Msusi je? Yake ni ya kisogoni, inamtuliza kwa muda, ikiisha nguvu anarudi. Alhamisi. Benchi la dirishani.

Yaani wanaopona wanakwenda zao. Wasiopona wanaonana.

Nikakaa. Nikajikunja kidogo kidogo, taratibu, nikawa mfupi tena.

Msusi aliniuliza kama imeniuma. Nikasema sana. Akasema pole. Ile pole nimekuja nayo mpaka nyumbani, nimeishika kama mtu aliyebeba mayai.

Dada yangu mkubwa, ninayekaa naye, alikuwa kazini. Nyumba kimya. Ngazi imeegemea ukuta wa uani. Nikasema nitaitazama tu. Nikasema nitagusa kipago kimoja. Dakika chache baadaye niko juu, brashi mkononi, napaka pembe ya dari ya ukumbini, ile niliyoiacha tangu mwaka jana. Mstari mnyoofu, bila tepu, mkono hautetemeki. Nilikaa kule juu baada ya kumaliza. Sikuwa na kazi tena huko. Nilikaa tu. Macho yalijaa maji. Nadhani ni harufu ya rangi, ingawa rangi ya maji haina harufu ya kumliza mtu.

Simu ikalia. Nesi. Anauliza maumivu yakoje, nimpe alama, sifuri hakuna, kumi hayavumiliki. Mimi niko juu ya ngazi, mkono mmoja unagusa dari.

Nikasema tisa.

Akauliza nafanya nini sasa. Nikasema nimelala. Akauliza kama sikupata nafuu hata kidogo. Hata chembe, nikasema, na nikatoa mguno mdogo ili anisadiki.

Akili! Sasa watanichoma na kunichoma. Alhamisi zote ni zangu.

Ijumaa, 7 Machi

Ganzi imekwisha usiku. Koleo limerudi kazini. Nimeamka nimejikunja kama mkasi, lakini moyo mweupe.

Dada ameuliza nani kapaka pembe ya dari. Nikasema kuna fundi mwenzangu alipita. Akauliza yupi. Nikasema humjui. Dada ni mpishi wa shule ya bweni, amezoea wanafunzi wanaodai hawajala na wali uko kwenye kidevu. Hakubishana. Alinikwangua rangi sikioni kwa ukucha, akaenda zake jikoni.

Nimeamua kumwangusha Goti kwa silaha yake mwenyewe. Mto wake ni mdogo, wa gari. Nitapeleka mto wa kochi.

Jumatatu, 10 Machi

Maafa.

Daktari kaniita kwa mazungumzo. Amesema kwa kuwa sikupata nafuu hata chembe, basi mishipa ile haina kosa, hakuna sababu ya kuichoma. Sindano zimekwisha. Ananipeleka kwenye mazoezi ya viungo. Jengo jingine. Nikauliza siku gani. Jumanne! Nikauliza kama hawana Alhamisi. Akasema Alhamisi ni za sindano.

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nilidhani asiyepona ndiye anayechomwa tena. Kumbe ni aliyepona!

Nikasema labda sindano ilikosea njia. Akasema aliiona dawa kwenye picha ikifika pale pale. Nikasema picha hudanganya, hata kopo la rangi huonyesha rangi moja na ukutani ikaja nyingine. Akasema anaweza kurudia mara moja, lakini Alhamisi hii imejaa, je, siwezi kungoja? Nikatoa mguno. Mguno mzuri, wa kutoka mbali, nadhani hata waliokuwa koridoni walinionea huruma. Daktari akamwambia nesi aangalie ni mgonjwa gani anaweza kusogezwa mbele.

Sikuuliza ni nani. Mtu aliyenusurika haulizi maswali.

Nje nimemkuta Goti. Bandeji hana, anatembea kama bwana harusi. Amesema goti lilichomwa ile ya joto, kazi imekwisha, anamshukuru Mungu. Nikamuuliza sasa anakuja kufanya nini. Akasema anasindikiza.

Anasindikiza! Kwa majivuno yale! Sikuvumilia. Nilimweleza yote: tisa, ngazi, mguno. Nilitaka ajue kwamba yeye safari yake imekwisha na mimi yangu ndiyo kwanza inaanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu, kwa hiyo sindano ilifanya kazi? Nikasema ilifanya kazi kiasi kwamba nilipaka dari.

Akafunga chupa yake ya chai, akaondoka.

Nimemshinda.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda na mto wa kochi kwapani. Benchi la dirishani tupu. Goti peke yake, amesimama, kofia mkononi.

Nikamuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, mwenzetu yuko wapi? Akasema yuko nyumbani, mapazia yamefungwa, kitambaa machoni, hawezi kuvumilia mwanga tangu juzi. Sindano yake ilikuwa leo. Imesogezwa wiki mbili mbele. Kuna mgonjwa mahututi, nafasi kapewa yeye. Eti sindano ya kwanza ya huyo mgonjwa ilikosea njia.

Nikauhamisha mto kwapa la pili.

"Ni wewe," alisema Goti. Hakupaza sauti. "Sikumwambia daktari. Nimekuja kuomba nafasi tu. Lakini dada yangu amelala gizani kwa sababu yako."

Nikasema namwelewa, hata mimi namhesabu kama dada.

"Dada yangu," alisema. "Tumbo moja. Mimi wa pili, yeye wa tano."

Kaka! Kaka wa kweli! Muda wote huu nimemchukia shemeji yangu mwenyewe.

Nesi akaita jina langu. Nikaenda. Miguu ilikwenda, mimi sijui nilikuwa wapi. Nikalala kifudifudi. Nikapakwa ile dawa ya baridi mgongoni. Mbele ya macho yangu sakafu, na juu ya sakafu namwona Msusi, kitambaa machoni, anasikiliza mlango. Daktari akasema utahisi kama mdudu kidogo.

Nikasema ngoja!

Nikashuka. Gauni nimelishika nyuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeuinua kama mwanafunzi. Nikasema yote. Tisa ilikuwa sifuri. Nilikuwa sijalala, nilikuwa juu ya ngazi. Mguno nao nilifanyia mazoezi bafuni.

Daktari alivua glavu, moja, halafu nyingine.

"Baba," alisema, "unajua nafasi hizi zinangojewa na watu wangapi?"

Nikasema namjua mmoja.

Akauliza kwa nini nilifanya hivyo. Nikasema kwa sababu ya benchi la dirishani. Nesi akageukia ukuta. Mabega yalikuwa yanamtikisika, sijui ni kilio au ni nini. Daktari hakuuliza tena. Akasema nivae nguo, na nafasi yangu mwenye haki yake aitwe haraka.

Goti aliondoka mbio, kwa goti lile jipya. Wakarudi. Msusi kainamisha kichwa, kitambaa kimeshuka mpaka puani, kashikwa mkono na kaka yake, anahesabu sakafu kwa vidole vya miguu. Alipita mbele yangu hivi. Hakuniona. Nilisimama hata hivyo.

Alipotoka, kitambaa kilikuwa mkononi. Shingo imenyooka. Sikuwahi kumwona akiwa amenyooka! Alikwenda dirishani, akauweka uso kwenye mwanga, akafumba macho, akafumbua, akafumba tena, kama mtu anayeonja kitu. Machozi yakamtoka bila sauti. Goti akamwinamia, akamnong'oneza. Nilijua ni habari zangu.

Akanigeukia. Mimi nilingoja pole. Mimi! Nilingoja pole!

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa mzima?" aliuliza.

Nikasema kwa saa chache tu.

"Na hizo saa ulizifanyia nini?"

Nikasema nilipaka pembe ya dari.

Aligeuza kichwa taratibu, kushoto, kulia, akikijaribu. Akasema, "Mimi zangu nikizipata, nasuka." Akamshika kaka yake mkono, wakaenda.

Nikabaki na mto wa kochi.

Jumapili, 16 Machi

Mgongo mbaya. Nafsi mbaya zaidi.

Dada ameuliza mwanamke huyo ni nani. Nikasema mwanamke gani. Akasema mtu hapeleki mto wa kochi hospitali na kuurudisha kwa ajili ya daktari. Nikamweleza, nikaruka yale ya gauni. Akasema nenda kaombe radhi. Basi? Hivyo tu? Nikamwambia mambo hayaendi kirahisi namna hiyo, panahitajika mpango.

Mpango: kupita mbele ya saluni yake kwa bahati mbaya.

Nilisahau kwamba leo ni Jumapili. Imefungwa. Nikasimama nje, paji la uso kwenye kioo. Ndani kuna viti vya kuegemea, draya kubwa kama kofia za wanaanga, vitana vimepangwa kwa ukubwa, taulo zimekunjwa. Kila kitu kimenyooka. Lakini ukuta wa nyuma ya sinki! Unyevu umepanda, rangi imevimba na kubanduka kama ngozi ya mgonjwa. Yeye anausimamia huo kila siku akiosha vichwa vya watu. Iliniuma kuliko kiuno.

Nimekaa mjane miaka kadhaa sasa. Mgongo wangu haujaguswa na mtu isipokuwa madaktari, na wao huvaa glavu. Haya hayahusiani na ukuta. Nayaandika tu.

Mwenye duka la jirani akatoka, akauliza natafuta nini. Nilibanwa. Nikasema namngoja mke wangu, yuko ndani. Akasema ndani hamna mtu, pamefungwa kwa kufuli. Nikasema basi nitangoja.

Nikangoja kweli. Angefanyaje? Aliniletea kigoda.

Alhamisi, 27 Machi

Daktari amenirudishia nafasi, mwisho kabisa wa foleni, baada ya wote. Sindano ya majaribio mara ya pili. Mdudu yule yule na ukoo wake. Nikasimama, nikawa mrefu, nikasema sifuri kabla sijaulizwa.

Benchi la dirishani alikaa bibi. Kisogo cha Msusi kimetulia, hakuwa na sababu ya kuja. Nilipaswa kufurahi. Nimefurahi. Kliniki bila yeye ni ukuta wa kijani tu, tena umepakwa vibaya.

Lakini Goti alikuwepo. Eti amekuja kunitazama mimi. Nilijiandaa kupigwa. Akanimiminia chai. Akasema mwenye duka amewasimulia habari za mwanamume mmoja aliyekaa nje ya saluni Jumapili nzima kumngoja mkewe, mfupi upande mmoja, anautazama ukuta wa nyuma ya sinki na kutikisa kichwa. Msusi akauliza, alikuwa anautazama ukuta? Akaambiwa ndiyo. Akacheka mpaka akashika shingo.

Alicheka! Nikamuuliza Goti alicheka vipi. Kwa hasira? Kwa dharau? Akasema alicheka tu, bwana, watu hucheka. Hawa madereva hawajui kueleza kitu.

Jioni nesi akapiga simu. Nikasema sifuri. Akauliza una hakika? Sifuri! Akasema ataniuliza mara ya tatu kwa sababu ya historia yangu. Dada akaninyang'anya simu, akatoa ushahidi. Alisema namwona kwa macho yangu, yuko juu ya ngazi, pekupeku.

Magharibi ganzi ikaanza kuondoka. Nilihisi inavyoondoka, kama wageni wanaoaga mmoja mmoja. Nilikaa kwenye kipago cha juu mpaka wa mwisho akatoka. Halafu nikashuka, na kushuka kulichukua muda.

Jumatano, 23 Aprili

Ile ya joto nilishachomwa mwanzoni mwa mwezi. Siku za kwanza mgongo uliwaka ndani kama mtu aliyeunguzwa na jua upande usiofaa. Kisha ukanyamaza. Umenyamaza mpaka leo. Daktari amesema mishipa huota tena polepole, huenda mwaka, huenda zaidi, kwa hiyo nisiruke ruke. Siruki. Napanda.

Leo nilikuwa mbele ya nyumba ya ghorofa, nazungushia dirisha rangi nyeupe. Nikasikia sauti chini.

"Fundi!"

Si kaka. Fundi!

Nikatazama. Msusi yupo barabarani, shingo imenyooka, kiganja juu ya macho kwa ajili ya jua. Goti nyuma yake, anajifanya anaangalia magari. Msusi akasema, "Njia yako imenyooka." Alimaanisha mstari wa rangi. Au hakumaanisha. Nilishika ngazi kwa mikono miwili.

Nilishuka mpaka chini. Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea, niliyapanga tangu Machi, yote yakanitoroka kipago kwa kipago. Nilipofika mbele yake lilikuwa limebaki moja. Nikasema samahani.

Akasema alikasirika wiki mbili, halafu akaacha, maana hasira inamvuta shingo. Akanitazama kiunoni, akauliza kukoje huko. Nikasema kimya kabisa. Akasema hata kwake, leo kasuka wateja kuanzia asubuhi na bado anaisikia mikono yake inataka kazi. Alisema hivyo akivitazama vidole vyake, kama anavionea wivu. Tukasimama. Watu wawili wazima, hakuna anayeumwa, hatujui pa kuweka macho.

Kisha akauliza kama ukuta wa nyuma ya sinki naujua. Nikasema naujua. Akasema Jumamosi nije niutazame kwa ndani, na jioni tutakula pamoja, yeye na mimi, na kaka yake kama atakuwa na njaa. Goti kwa mbali akasema hana njaa.

"Na kama kazi zimekubana," Msusi akasema, "njoo hata bila brashi. Njoo tu."

Nimemaliza dirisha lile bila kujua nimelimalizaje. Mwenye nyumba anasema nimelipaka mara tatu.

Ijumaa, 25 Aprili

Sijalala vizuri. Nimefikiri sana, na ni bahati kwamba nimefikiri, maana nilikuwa naelekea shimoni macho wazi.

Tazama. Saluni ni chumba kimoja. Nimeipima kwa macho siku ile ya kioo. Ukwangue unyevu, upige praima, upake mara mbili. Fundi mzima anaanza Jumamosi, anamaliza Jumapili. Halafu? Anakunja turubai, anapewa ahsante, anaaga. Nitakuwa nimejifukuza mwenyewe kwa bidii!

Sasa mchukue fundi ambaye mgongo umemrudia kidogo. Huyo hapaki zaidi ya ukuta mmoja kwa wiki. Tena anapumzika katikati, na pale viti vya kupumzikia ni vizuri, vinalala nyuma, vina mahali pa miguu. Mwenye saluni anamwona hivyo, anaacha kusuka, anakuja. Anasema pole. Zikiisha kuta kuna dari. Ikiisha dari, ukuta wa kwanza utakuwa umeshachafuka.

Msusi aliniona juu ya ngazi Jumatano, ni kweli. Nitasema umerudi Alhamisi. Mishipa huota tena, daktari mwenyewe kasema.

Nimefanya mazoezi ukumbini tangu alasiri. Dada akapita na sufuria, akasimama, akauliza mguu una nini. Nikamwambia si mguu, ni mgongo. Akasema basi nauchechemesha mahali pasipo. Nikamshukuru kwa ushauri. Akauliza haya yote ya nini, na nilipomweleza aliweka sufuria chini kabisa, sakafuni. Akasema huyo mama ameshakwambia uende hata bila brashi. Akasema oga, vaa shati safi, nenda.

Maskini Dada. Hajui kabisa mambo haya yanavyokwenda.

Nimerudi mlangoni, nimeanza upya. Mkono kiunoni, pumzi fupi, hatua ndogo. Nikifika karibu na kiti nasimama, nashika mgongo wa kiti, nageuka taratibu na kutabasamu kidogo, nasema si kitu, usijali, endelea na kazi yako. Mara ya tatu imetoka vizuri sana.